Boti ya skii ya faiba inayooza kwa ndani: kusoma dalili na kuyafuata maji

Boti iliyonifunza kazi hii ilikuwa ya futi 17, ya Kimarekani, na ilipofika mikononi mwangu umri wake ulikuwa umepita miaka 30. Ilikuwa imelala juu ya trela chini ya mwembe, karibu na hori ya Kilifi, na ubavuni bado iling'aa. Mwenyewe alinionyesha mahali pamoja tu, nyuma ya kiti cha nahodha, ambapo sakafu ilibonyea ukikanyaga. Nikakata kipande, nikatia plaiwudi mpya, nikalaza mati (mkeka wa nyuzi za faiba) tabaka mbili, nikapaka rangi. Kazi ya siku tatu. Kusi haijaisha, sakafu ikabonyea tena, safari hii pande zote za kiraka. Nilipofungua zaidi nikaona kosa langu: mhimili uliokuwa chini ya kiraka ulikuwa ganda la faiba tupu, na ndani yake tope jeusi la kuzoa kwa kijiko.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia na dalili, lakini kila dalili nitaishusha mpaka chini. Waliosema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani, walikuwa na maana yao, ila kwa boti hizi maneno hayo ni kweli kama yalivyo: tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni chini kabisa ndani yake. Maji yanaingia popote, yanatulia ngamani, na huko ndiko mbao zinakoozea.

Kwanza ujue kilichomo ndani

Skii za maji zilianza Marekani mwaka 1922, Ralph Samuelson alipovutwa na boti akiwa amesimama juu ya mbao mbili kwenye Lake Pepin, Minnesota. Boti nyingi za faiba za mchezo huo zilizotengenezwa miaka ya 60, 70 na 80 zina umbile moja. Ganda la nje ni jembamba, milimita chache tu sehemu nyingi. Nguvu yake inatoka kwenye mihimili miwili au minne ya mbao inayokimbia kutoka tezi kwenda omo, sakafu ya plaiwudi iliyolala juu yake, na ubao mnene wa tezi unaobeba mashine. Vyote hivi vimefunikwa kwa faiba, na vikishikana vinakuwa kama sanduku moja. Sanduku likilegea upande mmoja, pande nyingine zinabeba mzigo ambao si wao.

Halafu kuna povu. Sheria ya Marekani ya usalama wa boti ya mwaka 1971 ilifungua njia ya kanuni zinazotaka boti ndogo, zisizofikia futi 20, zibaki zikielea hata zikijaa maji. Kwa viwanda vingi njia nyepesi ilikuwa kumimina povu chini ya sakafu na kufunga. Povu hilo limeokoa watu, sina neno nalo. Ila limeziba njia ya maji kushuka tezi, na linayakumbatia maji hayo ubavuni mwa mihimili.

Jahazi ni la mbao tupu na linaishi majini miaka mingi. Mbao zake zinaloa na kukauka, mafundi wanazipaka sifa (mafuta ya samaki), wanazikalafati kuziba nyufa, na chumvi yenyewe inauzuia ukungu unaokula mbao. Mbao iliyofungwa ndani ya faiba haina bahati hiyo. Ukungu wa kuozesha unahitaji unyevu, hewa kidogo na joto. Mbao ikiwa na unyevu chini ya asilimia 20 hauendelei, ikifika karibu asilimia 30 unakula kwa raha. Faiba inaingiza maji kwenye tundu la skrubu moja, kisha inayazuia kutoka. Na maji mabaya zaidi ni ya mvua. Boti iliyokaa ufukweni miaka miwili bila turubai, majani yameziba tundu la kumwagia maji, ina hali mbaya kuliko iliyofanya kazi baharini miaka 10. Unapoenda kutazama boti ya kununua, uliza ililala wapi kabla hujauliza ilifanya kazi wapi.

Boti imekuwa nzito, inachelewa kunyanyuka

Mashine ileile, watu walewale, lakini boti inalima maji muda mrefu kabla ya kuteleza juu yake, na mtu wa skii anachoka kamba ikimburuta. Usikimbilie sakafu. Angalia kwanza vitu vya bei nafuu: propela iliyopinda au iliyoliwa ncha, chaza na magugu chini ya boti, mgandamizo wa mitungi ya mashine. Vyote vikiwa sawa, boti imebeba maji usiyoyaona.

Ipime. Ukipata mizani ya magari, pima boti na trela, halafu trela peke yake, ulinganishe na uzito ulioandikwa na kiwanda. Povu kavu la aina hii lina uzito wa karibu kilo 32 kwa mita ya ujazo, na maji ni kilo 1,000. Kama chini ya sakafu kuna theluthi ya mita ya ujazo ya povu na theluthi ya povu hilo imejaa maji, umebeba zaidi ya kilo 100, sawa na watu wawili wembamba wasioshuka kamwe.

Bila mizani, nyanyua omo kwa jeki, toa kizibo cha ngama, iache siku mbili tatu. Maji yakiendelea kudondoka siku ya pili bila mvua, umepata jibu. Uthibitisho wa mwisho ni kutoboa sakafu kwa msumeno wa duara wa milimita 50, katikati ya mihimili, karibu na tezi. Funga alama kwenye msumeno usije ukatoboa mpaka chini. Chimba povu kwa mkono hadi ufike ganda, kisha likamue. Povu la juu mara nyingi ni kavu na linadanganya. Linalosema kweli ni la chini kabisa.

Watu huniuliza kama povu hilo linaweza kukaushwa. Nimejaribu jua la kaskazi wiki tano, nimejaribu feni. Halikauki. Vijumba vyake vikishapasuka maji yanakaa humo, na lazima litoke lote.

Sakafu inabonyea

Hapa ndipo penye maamuzi ya fedha, maana kuna sakafu iliyooza peke yake na kuna sakafu iliyooza kwa sababu mihimili imekwisha. Ya kwanza ni kazi ya wiki. Ya pili ni kazi ya miezi.

Vua viatu, utembee polepole. Kisigino kinasikia kuliko jicho. Ukibonyea katikati, baina ya mihimili, na ukikanyaga juu ya mhimili pako pagumu, huenda ni sakafu tu. Tazama miguu ya viti na kingo za lile shimo la kuhifadhia skii, kwa sababu huko viwanda vilikata plaiwudi na kuacha kingo mbichi, wakafunika kwa zulia, na zulia likashika maji kama godoro. Lakini mstari wa mhimili wenyewe ukishuka chini ya kisigino, usijidanganye.

Kisha gonga. Tumia mpini wa bisibisi wa plastiki au nyundo ndogo, gonga kila sentimita 5, ukisikiliza. Faiba iliyoshikana na mbao nzima inatoa mlio mkavu, mfupi. Iliyoachana inatoa mlio wa debe. Iliyojaa maji inatoa mlio mzito, uliokufa. Chora kwa chaki unapopasikia, na ukimaliza utaona ramani. Mara nyingi chaki inakusanyika tezi, chini ya mashine na chini ya kiti cha nyuma.

Mwisho drili. Toboa ubavu wa mhimili, sehemu ya chini, kwa ncha ya milimita 6, ukikumbuka kusimama kabla ya kutokea upande wa pili. Kama mhimili umezibwa na sakafu, utafikia kupitia yale matundu ya kupimia povu. Unga mkavu wenye rangi ya mbao na harufu ya mbao ni mzuri. Unga uliokolea, unaoshikana vidoleni, wenye harufu ya pishi, ni uozo. Pengine hautoki unga, yanatoka maji, na nimewahi kuona tundu moja likilia siku tatu. Rudia kila sentimita 40 hadi uzipate mbao kavu, halafu ongeza hatua moja zaidi, kwa kuwa ukungu uko mbele ya uozo unaouona.

Kuna dawa za maji maji zinazouzwa kwa ahadi ya kuingia ndani ya mbao iliyooza na kuifanya jiwe. Kwa mlango wa nyumba, sawa. Kwa mhimili wa boti sizikubali, kwa sababu mbao imejaa maji, na rezini, yaani ile dawa ya maji maji inayoganda, haiendi mahali palipo na maji. Unapata ngozi ngumu na uozo ukiendelea nyuma yake, na umepoteza fedha ambazo zingenunua plaiwudi.

Ubao wa tezi unatikisika

Hii ndiyo dalili ninayomwambia mtu asiingie majini nayo hata kwa jaribio. Ubao wa tezi ukiachia, mashine inakwenda chini na watu wanabaki na tundu nyuma.

Inamisha mashine hadi nusu, shika mguu wake chini, karibu na propela, uusukume juu na chini kwa uzito wako. Mwenzako atazame mahali mabano ya mashine yanapogusa ubao. Mabano na ubao vikienda pamoja na ubao ukajikunja, hata kwa unene wa sarafu, umeoza. Angalia pia pembe mbili za juu, pale ubao ulipokatwa kushusha mashine: ufa unaoshuka kutoka pembe hizo ni wa kukunjika. Washa za bolti zilizozama ndani ya faiba, na michirizi ya kahawia chini ya bolti, zinasema jambo lilelile.

Wa kulaumiwa mara nyingi si bolti kubwa za mashine. Ni skrubu ndogo za ngazi ya kupandia, za kifaa cha kupimia kina, na bomba la kizibo cha ngama, zote ziko karibu na maji au chini yake, na zilifungwa na mtu mwenye haraka na silikoni ya bafuni.

Kwa kutengeneza, mimi hupita ndani. Nakata ngozi ya ndani na kuchimba mbao zote, naacha ngozi ya nje na umbo lake. Wengine hukata nje, na kama sitaha ya tezi inazuia hilo ndilo linalobaki, lakini jelikoti, ile ngozi ya rangi inayong'aa nje, inakuwa kazi nyingine nzima. Mbao mpya ni plaiwudi ya baharini mbili za milimita 18 au 19 zilizogandishwa pamoja, kufika unene wa karibu milimita 38 ambao boti nyingi hizi zilianza nao. Pima urefu wa kutoka chini ya boti hadi mashine inapokaa kabla hujavunja kitu. Kwa mashine ya shafti ndefu ni inchi 20, na ukiipoteza kwa inchi moja propela itavuta hewa.

Nguzo ya kamba inacheza, au injini ya ndani haitulii kwenye mstari

Boti za mashindano zina injini katikati na nguzo ya kamba mbele yake. Nguzo hiyo inavutwa na mtu mzima anayekata kona kwa nguvu zake zote, na mzigo unashuka mihimilini. Ukiitikisa kwa mkono na sakafu ikasogea nayo, usikaze nati. Fungua.

Injini nayo imekaa juu ya mihimili kwa skrubu nene. Dalili yake ni mtetemo unaokuja kwa mwendo fulani, maji kuzidi kwenye kizibio cha shafti, na fundi anayepanga injini leo akirudi mwezi ujao kuipanga tena. Kipimo ni kuachanisha viungo vya shafti na kupima mwanya kwa vipande vya kupimia: kwa kiungo cha inchi 3, tofauti baina ya upande na upande isizidi inchi 0.003, yaani chini ya milimita 0.08. Pima boti ikiwa majini, imelala humo walau siku moja, kwa sababu ganda hubadilika umbo kidogo likiwa juu ya trela. Ikiwa skrubu inazunguka bila kukaza, mbao imekwisha. Nimekuta matundu yamejazwa njiti, vipande vya mpira, hata waya. Ukitia skrubu nene zaidi kwenye mbao iliyooza unaupasua mhimili tu.

Nyufa za utando wa buibui kwenye jelikoti

Zikitoka kituo kimoja kama nyota, boti iligongwa hapo. Zikienda sambamba, hasa kwenye kona ya sakafu na ubavu au pembeni mwa tezi, ganda linajikunja kwa kukosa mhimili. Ukizijaza tu zitarudi msimu ujao. Tengeneza kilicho chini, halafu ujaze.

Boti iliyotengenezwa inaruka omo

Hili tatizo huletwa na fundi, kwa hiyo ulisome kabla hujashika grainda. Mtu amebadilisha mihimili yote, kazi safi, lakini boti ikishika mwendo omo inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, hata bahari ikiwa shwari. Sababu ni kwamba alikata sakafu na mihimili boti ikiwa juu ya roli mbili za trela. Ganda bila mifupa lilijikunja kufuata roli, naye akaligandisha hivyo hivyo milele.

Sehemu ya chini ya boti, mita moja na nusu ya mwisho kuelekea tezi, inatakiwa iwe imenyooka. Weka rula ndefu ya chuma chini yake. Ikivimba nje, omo inaruka. Ikiwa na shimo kwa ndani karibu na tezi, boti inasukumwa omo chini na kuanza kupindapinda kwenye kona. Kabla ya kukata, lala chini ya boti na rula yako, andika ilivyo, kisha ijengee vitanda vya mbao vinavyofuata umbo lake, vingi, kwa urefu wote. Vuta kamba kutoka omo hadi katikati ya tezi, na kamba mbili za kukatizana juu ya kingo, uzipime kila asubuhi. Usikate mihimili yote kwa siku moja. Toa mmoja, rudisha mmoja. Sitaha ya juu iache mahali pake ukiweza, kwa kuwa inashika mbavu zisifunguke.

Kabla hujatupa mbao za zamani piga picha, pima urefu wa kila mhimili mahali pengi, umbali wake na mkuku (uti wa katikati chini ya boti), na mahali pa kila tundu. Hata mhimili uliooza unakupa kiolezo ukiutoa taratibu.

Kujenga upya, na yanayoharibika ukiwa kazini

Mbao iwe plaiwudi ya baharini, au mbao nyepesi iliyonyooka na iliyokauka chini ya asilimia 15. Najua pwani tunapenda mvule na mbambakofi, na kwa jahazi sibishani. Ndani ya faiba hazina faida ya ziada: ni nzito, na mbao nzito yenye mafuta haishikani vizuri na rezini.

Mhimili usigusane na ganda moja kwa moja. Ukigusana, ganda litapata mstari mgumu na kupasuka hapo. Acha nafasi ya milimita 6 hivi, ulaze juu ya rezini iliyotiwa unga wa kukazia ikawa uji mzito, kisha pembeni tengeneza kona ya mviringo ili kitambaa kiiname bila kubaki na hewa. Ganda lisagwe kwa msasa wa namba 36 au 40 hadi rangi, mafuta na povu vyote vitoke, na uone faiba nyeupe iliyochubuka. Unapounganisha ngozi ya zamani na mpya, mteremko uwe mara 12 ya unene: ngozi ya milimita 3, mteremko wa milimita 36. Wengi wanafanya milimita 10 na kushangaa kiraka kinapobanduka.

Kuhusu rezini, mafundi wengi wanatumia poliesta kwa sababu ya bei, na boti yenyewe ilitengenezwa nayo. Lakini poliesta mpya juu ya poliesta ya miaka 40, na juu ya mbao, inashika kwa shida. Kwa mihimili na ubao wa tezi mimi natumia epoksi, na fedha natafuta pengine pa kubana. Epoksi inakaa juu ya poliesta vizuri. Kinyume chake hakiaminiki, kwa hiyo usianze na epoksi halafu ukamalizia poliesta. Ukitumia epoksi, acha mati ya kawaida, maana gundi inayoshika nyuzi zake imetengenezwa iyeyuke kwenye poliesta. Tumia kitambaa cha nyuzi za mshazari, kama gramu 600 kwa mita ya mraba, tabaka mbili au tatu, kila moja ikipita nyingine chini kwa sentimita chache.

Rezini imekaa siku nzima na bado inanata. Kama ni poliesta isiyo na nta, juu yake hunata kwa kawaida hewa ikiigusa, na hiyo ni nzuri kwa tabaka linalofuata; ya mwisho ndiyo inayotaka nta. Ikiwa laini mpaka ndani, kigandishi kilikuwa kidogo au hakikuchanganywa. Kwa joto letu la nyuzi 30 asilimia 1 inatosha mara nyingi, gramu 10 kwa kilo moja, na usizidi asilimia 2. Kwa epoksi ni hadithi tofauti kabisa, na hapa nimeona mafundi wazuri wakiharibu boti nzima: epoksi haiharakishwi kwa kuongeza kigandishi. Kipimo cha kiwanda ndicho hicho. Ukikizidisha haigandi, na dawa yake ni kukwangua yote.

Rezini inatoa moshi ndani ya kopo. Umechanganya nyingi, na joto lake limekosa pa kwenda. Toa kopo nje, mbali na asetoni. Changanya kidogo kidogo, mimina haraka kwenye sinia pana.

Viputo juu ya mbao. Asubuhi mbao inapopata joto, hewa yake inatanuka na kupenya kwenye rezini. Paka mbao tupu alasiri, joto likianza kushuka, nayo itanyonya rezini badala ya kuitemea. Lakini epoksi iliyoganda usiku wenye unyevu huweza kuacha utando wa mafuta juu. Uoshe kwa maji safi na dodoki la kusugulia, ukaushe, upige msasa, ndipo uongeze tabaka.

Kiraka kinabanduka kama ganda la ndizi. Kilicho chini hakikusagwa, au kilikuwa na unyevu, au ulijaza kwa fila ya magari. Fila hiyo ina unga unaonyonya maji, na kwenye boti haina mahali chini ya mstari wa maji.

Sasa mwili wako. Vumbi la faiba halioni huruma, na feni haitoshi: vaa barakoa ya kuchuja vumbi, na unaposhika rezini ya poliesta vaa yenye vichujio vya mvuke. Miwani wakati wote, hasa unapopima kigandishi cha poliesta, ambacho tone moja likiingia jichoni linaweza kuchukua uwezo wa kuona. Maji yawe karibu, na ukipatwa osha papo hapo kwa dakika nyingi kisha hospitali. Kama unanunua kobalti (dawa ya kuharakisha rezini ya poliesta) kando, usiikutanishe kamwe na kigandishi hicho peke yake, kwa sababu vinalipuka. Kimoja kichanganywe ndani ya rezini kwanza, kiishie humo, ndipo kingine kiingie.

Kabla ya kufunga sakafu

Hatua hii ndiyo inayoamua kama mtu mwingine atafungua boti hii baada ya miaka 10. Kila mhimili na kila ukuta unaokatiza uwe na njia ya maji chini kabisa: kipande cha bomba kilichogandishwa kwa epoksi, mbao isionekane popote. Mwaga ndoo ya maji omo, usimame tezi, uhesabu inachukua muda gani kutokea kwenye kizibo. Kama kuna lita inayobaki njiani, tafuta ilipo na ujaze shimo hilo kwa epoksi yenye unga. Povu la kuelea lirudi, usiliache, ila nalipenda likiwa vipande vilivyokatwa na kuwekwa juu ya njia ya maji, vinavyoweza kutolewa, kuliko la kumimina. Kiasi kisipungue kile ulichotoa.

Kingo zote za sakafu zipakwe epoksi kabla haijalazwa, na upande wa chini pia, mara mbili. Halafu skrubu. Kila tundu toboa kubwa kuliko skrubu yenyewe, lijaze epoksi nzito, ikiganda toboa tena katikati ukubwa wa kweli. Skrubu inakaa ndani ya plastiki na mbao haigusi maji. Kwenye boti ile ya futi 17 matundu yalikuwa 64, pamoja na ya viti, ya ngazi na ya mabano ya betri. Yalinila siku mbili na nusu. Mwenye boti alinikuta nikiyajaza akaniuliza kwa nini nisitumie silikoni nimalize. Nikamwonyesha kijiko, na tope lililokuwa bado ndani ya debe pembeni.